Mkwe Alikuwa Chumbani

Dorotea wa Igogo alikuwa mfagiaji wa hospitali yetu, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa pia ulimi wa madaktari. Hakuna aliyemwajiri kwa hilo. Akija mgonjwa asiyejua Kiswahili, tunapaza sauti koridoni, "Dorotea, njoo," naye anaegemeza ufagio ukutani, ananawa mikono, anakuja kutafsiri. Mimi muuguzi, Mhaya wa watu, Kisukuma changu hakivuki salamu. Nani alimfundisha kazi ile? Hakuna. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini sisi tulipenda rahisi.

Mwezi wa tatu aliletwa mama mmoja kutoka Magu, Kija, mkulima wa mpunga, akisindikizwa na Ngosha, mume wa binti yake, ambaye naye Kiswahili hakijui. Daktari Khalidi alisoma majibu ya vipimo akasema wazi: saratani ya mlango wa kizazi, bado changa, akipasuliwa mwezi huu atapona, akichelewa atakufa. Kisha akamtazama Dorotea.

Dorotea aliongea kidogo. Mama akaitikia kwa adabu, akauliza jambo, akajibiwa.

"Anasema amesikia, atarudi akishavuna," Dorotea akasema.

Daktari alishangaa mtu kupokea habari kama ile kwa utulivu. Akasema tena asichelewe, Dorotea akatafsiri tena, mama akaitikia tena. Foleni ilikuwa ndefu, akaita mwingine.

Mwezi wa sita ndipo mradi fulani ukaleta mafunzo ya ukalimani wa hospitalini, wiki mbili, na mtihani na cheti. Dorotea akapelekwa. Tulimtania kwamba atarudi profesa, ufagio atuachie wenyewe. Siku ya tatu alinifuata wodini, uso umemsawijika.

"Dada Rose, leo wametufundisha kwamba mkalimani hapunguzi neno. Na kama yupo ndugu asiyepaswa kusikia, unamwomba daktari amtoe kwanza, ndipo unasema."

"Sawa. Kwa hiyo?"

"Yule mama wa Magu. Mkwe wake alikuwa chumbani. Ningetajaje kizazi cha mama mkwe mbele ya mkwe? Nilimwambia ana kidonda tumboni, arudi akipata nafasi."

Hata kwetu mkwe ni mkwe, kwa hiyo nilimwelewa, na kumwelewa kuliniudhi zaidi. Tulipiga namba iliyokuwa kwenye faili. Ilikuwa ya Ngosha. Dorotea akabaki na simu sikioni, aibu ileile imemkaba, akasema tu mama arudi hospitali upesi. Ngosha akajibu mama hajambo, wako kwenye mavuno. Nikamwambia Dorotea aende kwa daktari akaseme. Aliogopa kufukuzwa kazi. Nami nisijifanye mtakatifu: nilikuwa na mdomo wangu, nikaufunga.

Dorotea alifaulu mtihani. Akapewa cheti na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Wakubwa wakapiga naye picha, wakimsifu kwa miaka kumi na mmoja ambayo wao wenyewe hawakumfundisha lolote. Sikupiga makofi.

Kija alirudi mwezi wa nane, amebebwa, Ngosha akimfuata nyuma. Daktari Khalidi alimpima, akavua glavu taratibu, akasema imeshasambaa, hakuna upasuaji tena, kilichobaki ni dawa za maumivu. Kisha akaanza kumlaumu mama kwa kuchelewa.

"Daktari, subiri," Dorotea akasema. "Naomba kwanza Ngosha atoke."

Daktari akamwashiria mlango, Ngosha akatoka. Dorotea akapiga magoti kando ya kitanda, akasema yote kwa Kisukuma, polepole: ugonjwa, kifo kinachokuja, siku ile ya mwezi wa tatu, na nani aliyeficha. Kisha akayarudia kwa Kiswahili ili daktari naye asikie. Khalidi alivuta kiti, akakaa.

Mama aliugeukia ukuta. Halafu akasema sentensi moja tu, kwa sauti isiyo na hasira. Dorotea akainamisha kichwa.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Mungu anisamehe, nilitamani apunguze. Dorotea akajifuta uso kwa kiganja, akatafsiri neno kwa neno.

"Anasema, ningeambiwa siku ile, mpunga ningeuacha."