Ikupa wa Maabara na Wivu Alioubeba Hadi Mwisho

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kata ya Ikuti, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Hezron, mkulima wa chai na ndizi. Alibatizwa majuma mawili baadaye katika kigango cha kijijini kwao. Wapo waamini waliotuomba tuandike kwamba tangu uchanga wake alikataa kunyonya siku za Ijumaa, kama inavyosimuliwa juu ya watakatifu wa zamani. Hatutaandika hivyo. Ikupa alinyonya siku zote saba, tena kwa pupa, na alipozaliwa mdogo wake Leah, yeye akaachishwa ziwa, alimfinya yule mchanga pajani mpaka akabaki na alama. Mama yao yu hai, na ametusimulia haya mwenyewe huku akicheka. Tunayaandika mapema ili msomaji ajue tangu sasa jaribu lililomwandama mtumishi huyu wa Mungu maisha yake yote. Wengine walijaribiwa kwa mali, wengine kwa mwili. Huyu wetu alikuwa na wivu.

Alipofika miaka kumi na minane alisikia wito wa utawa, akaenda kujaribu maisha ya shirika pamoja na Leah. Baada ya mwaka mmoja na nusu masista walimrudisha nyumbani kwa upole, wakambakiza Leah, ambaye sauti yake kwaya nzima iliitegemea. Ikupa alirudi Ikuti akiwa na sanduku lake kichwani, akamwambia mama yake kwamba pumu ndiyo iliyomrudisha. Pumu alikuwa nayo kweli, lakini katika daftari alilotuachia ameandika wazi: “Walinirudisha kwa sababu nilishindwa kumsikiliza Leah akiimba bila kununa. Sista mkuu aliniona.” Tangu hapo akaamua kutafuta kazi ambayo mtu hasifiwi, akiamini kwamba pasipo na sifa, wivu utakosa chakula. Akasomea maabara Mbeya, akahitimu, na mwaka 2009 akaajiriwa katika kituo kimoja cha afya cha kanisa kandokando ya mji wa Tukuyu, ambacho kwa heshima ya walio hai hatukitaji.

Alijidanganya, kama tutakavyoona. Maabara ya kituo kile ina kidirisha kidogo, na wagonjwa hupitishia humo vikopo vyao vya mkojo na makohozi. Wengi hawakuwahi kuuona uso wa Ikupa. Waliujua mkono wake wenye glavu. Alifanya kazi kwa uaminifu uliowashangaza wakaguzi, na msaidizi wake Meshaki, aliyekuwa akiosha vyombo na kupaka rangi kwenye slaidi, vile vioo vyembamba vya kupimia, anashuhudia kwamba hakumwona hata mara moja akimaliza siku bila kupiga magoti nyuma ya jokofu la damu. Lakini mikungu ya ndizi, parachichi na maziwa ya mgando ambayo wagonjwa waliopona walileta kushukuru, vyote vilipita mbele ya kidirisha vikienda wodini. Huko, tangu mwaka 2018, alikuwapo nesi mmoja kijana kutoka Singida, jina lake Happy.

Happy alikuwa kila kitu ambacho Ikupa hakuwa. Alicheka na kila mtu, aliimba akitandika vitanda, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa amejua Kinyakyusa cha kutosha kuwasalimia vikongwe. Bibi mmoja kutoka Kisiba, akitoka wodini, alimshika mikono yote miwili, akamwambia, “Ndaga fijo, mwanangu, Kyala akutunze,” yaani asante sana, Mungu akutunze, kisha akapita mbele ya maabara bila kugeuza shingo. Ikupa aliyaona hayo yote kupitia kidirisha. Ameandika: “Nesi anashika mkono wa mgonjwa. Mimi nashika makohozi yake. Nani atarudi kumshukuru mtu aliyeshika makohozi yake?”

Kisha likaja gonjwa la Uviko, na mwaka 2021, kwenye baridi ya Juni na Julai, likauelemea mji. Kurasa alizoandika Ikupa miezi ile ndizo waamini wanazozinakili zaidi. Anaeleza jinsi majirani walivyovuka barabara wakimwona, kwa kuwa ilijulikana anafungua vikopo vyenye ugonjwa. Anaeleza msiba wa jirani yake, alipopelekewa chakula nje ya uzio ili asiingie. Anakiri kwamba aliwaonea gere hata wauza viazi wa barabarani, waliokaa bila barakoa wakivuta hewa yote wanayoitaka. “Siku hizi namjua mtu kwa namba ya kikopo,” ameandika. “Namba 212 ana sukari, namba 215 ana mimba na hajui. Nawaombea kwa namba. Mungu anawajua majina.” Maneno matakatifu, nasi tunayapenda. Ila ukurasa unaofuata una mstari mmoja tu: “Happy amepewa kitenge na mama wa namba 215.”

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ijumaa tarehe 16 Julai 2021, mwanamke aitwaye Naima, Mwislamu, muuza vitenge wa kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu, alifika kituoni akiwa na homa na kikohozi cha wiki tatu. Kila mtu aliwaza Uviko, lakini Dokta Rodrick, tabibu wa zamu, aliagiza makohozi yapimwe pia kifua kikuu. Happy ndiye aliyemwelekeza Naima namna ya kukohoa, akapokea kikopo na kukipitisha kidirishani. Kazi ya kutafuta vimelea vya kifua kikuu ni ya uvumilivu. Mpimaji huitazama slaidi kwa hadubini, sehemu moja baada ya nyingine, na haruhusiwi kuandika kwamba hakuna kitu mpaka ametazama sehemu mia moja. Ikupa alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili na hakuwahi kupunguza hata moja. Saa nne asubuhi ile walifika wageni kutoka wilayani kumkabidhi mfanyakazi bora cheti cha pongezi kwa huduma wakati wa gonjwa. Ikupa alikuwa kwenye sehemu ya arobaini aliposikia makofi uani na vigelegele vya akina mama. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Aliinuka, akaandika katika rejista kwamba slaidi haina vimelea, akavua glavu, akatoka kwenda kutazama uso wa Happy ukisifiwa, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

Naima alirudishwa nyumbani akaambiwa ni Uviko, ajitenge chumbani na kunywa vitu vya moto. Happy alimwandikia maelekezo kwa mkono wake. Mwishoni mwa mwezi mumewe Yussuph alimbeba mgongoni, kwa jinsi alivyokwisha mwili, akampeleka hospitali nyingine, na huko kifua kikuu kikaonekana mara moja. Yussuph alikuja kituoni akiwa na hasira, na haki ya hasira alikuwa nayo. Watu wakaanza kutafuta mkosaji. Rejista ya Ikupa haikuwahi kukutwa na kosa, kwa hiyo lawama zilimwangukia Happy: kwamba alipokea mate badala ya makohozi, au alichanganya vikopo kwa sababu kichwa kilikuwa kwenye sherehe yake. Kamati ya kituo ikaitishwa Jumanne tarehe 3 Agosti, na habari ikazagaa kwamba Happy ataachishwa kazi.

Hapa ndipo wengine wangependa tuandike kwamba Ikupa alikimbia kusema kweli. Alikaa siku tatu. Slaidi ilikuwa kwenye kisanduku chake, ikingoja uhakiki wa robo mwaka, na siku ya kwanza aliitoa, akazitazama zile sehemu sitini alizoziacha. Katika sehemu ya hamsini na nane aliviona vimelea, vyekundu, vinne, kisha vingine. Aliirudisha slaidi mahali pake. Hakuna aliyejua ila yeye na Mungu, na kilichomfanya anyamaze hakikuwa hofu ya kufukuzwa. Aliandika bila kujificha: “Siku tatu nimelala kama mtoto. Nimemwona analia kwenye korido na chakula kikanipitia vizuri. Hilo ndilo linalonitisha.” Alikwenda kuungama kwa paroko, Padre Lukasi, naye akamwambia kwamba maondoleo yapo, lakini kamati nayo ipo, na ni kesho.

Kamati ilikutana katika ukumbi wa parokia. Padre Lukasi aliongoza bila kudokeza neno, kwa maana alilolijua alilijua katika ungamo. Yussuph alikuwapo, na Happy alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, cheti chake kikiwa mezani kama kielelezo cha kesi. Dokta Rodrick alipokuwa akisoma mashtaka, Ikupa aliingia bila kuitwa akiwa na kisanduku cha slaidi.

“Makohozi yalikuwa mazuri,” alisema. “Happy aliyapokea vizuri na namba ilikuwa sahihi. Mimi ndiye sikuyaangalia. Niliangalia sehemu arobaini nikaandika hakuna kitu. Vimelea hivi hapa, mwenye macho aje aone.”

Dokta Rodrick alimuuliza kwa nini, mtu wa kazi kama yeye. Angeweza kusema alichoka, na siku zile nani hakuchoka? Wote wangempa pole. Ikupa alimtazama Happy, si tabibu.

“Kwa sababu nje walikuwa wanakupigia makofi,” alisema. “Nina roho ya kwa nini, Happy. Juu yako, tangu ulipofika. Na siku hizi tatu nilijua huna kosa, nikanyamaza, nikafurahi.”

Yussuph alisema, “Mke wangu akifa, mama, nitakukumbuka wewe kila swala,” na Ikupa akajibu kwamba ni haki yake. Happy hakumkumbatia. Alichukua cheti chake mezani, akatoka, na kwa siku nyingi hakumwitikia salamu. Wanaopaka mafuta sehemu hii ya habari wakasema wawili hao waliangukiana shingoni wanamkosea Happy, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukasirika.

Ikupa alisimamishwa kazi miezi mitatu. Siku ya pili tu alikwenda Bagamoyo, akabisha mlangoni kwa Yussuph na kuomba awe msimamizi wa dawa za Naima, kwa kuwa mgonjwa wa kifua kikuu huhitaji mtu wa kumwangalia akimeza dawa kila siku, miezi sita. Yussuph alimfungia mlango. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka Naima mwenyewe akaita kutoka ndani, “Mwache aingie, baba Shadya. Aliyekosea hawezi kukosea mara mbili.” Basi kila asubuhi Ikupa alipanda toka nyumbani kwake, akamtazama Naima akimeza, akafua, akampikia uji mtoto Shadya. Na Mungu, ambaye hakumwonea haya, akaendelea kumjaribu palepale. Naima hupenda kusimulia kwamba kila Ikupa alipokuwa akimkabidhi kikombe cha maji, yeye, bila kuwaza, aliuliza, “Sista Happy naye atakuja lini? Ana mikono laini yule.” Ikupa aliinama, akasema atapeleka salamu. Kisha akazipeleka kweli. Alikwenda kusimama mlangoni pa wodi na kumwambia mtu asiyemwitikia, “Naima anakuulizia. Anakupenda kuliko mimi.” Siku ya tisa ya kuletewa salamu hizo, Happy alimjibu, “Mwambie nitakuja Jumapili.”

Alirudi maabara Novemba. Mwezi wa kwanza wa 2022 wimbi jipya la Uviko lilimkuta na mapafu yake mabovu, akalazwa katika wodi ileile. Happy alimhudumia siku kumi na moja, akimgeuza na kumfunga kinyago cha oksijeni. Jioni ya tarehe 2 Februari, Ikupa alikisogeza kinyago pembeni. Happy amerudia maneno yake mbele ya Padre Lukasi kwa kiapo: “Happy, bado nakuonea wivu. Unavyopumua vizuri hivyo.” Wote wawili wakacheka, Ikupa akakohoa, na Happy akamrudishia kinyago. Kabla ya saa moja usiku alikuwa amefariki. Alizikwa Ikuti. Leah aliimba, na Yussuph alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Naima alimaliza dawa majuma machache baadaye, akiwa mzima.

Yapo yanayosimuliwa. Mama mmoja wa Ikuti anadai homa ya mwanawe ilitoka baada ya kuomba kaburini. Meshaki, ambaye baadaye alisoma na kushika kazi ile, anasema siku moja alichoka kwenye sehemu ya sabini ya slaidi ya mzee fulani, akahisi mtu amesimama nyuma yake, akageuka asione mtu, akaendelea, na akakuta vimelea sehemu ya tisini na moja. Kanisa halijasema neno juu ya hayo, nasi tunalinyenyekea.

Lakini Happy alipoulizwa ni muujiza gani yeye aliuona, alijibu kwamba katika wote waliompenda hakuna aliyewahi kumtetea kwa gharama ile. Aliyemtetea ni yule aliyemchukia. Tuige hapo. Wengi wetu tunangoja kwanza moyo utulie, tumpende jirani, ndipo tumtendee haki, na kwa kungoja hivyo tunamwacha aangamie kwenye benchi la mbele. Ikupa aliingia ukumbini akiwa na wivu uleule, na wivu haukumwacha mpaka kufa. Nawe unayemwonea mwenzako wivu leo, usingoje upoe. Nenda nao hivyo hivyo, ukuchome njia nzima, ukaseme kweli juu yake.