Mstari wa Chaki na Mstari wa Tofali

Nyuma ya mlango wetu wa mbao, ulioiva kwa moshi, nilikuwa nachora grafu na chaki. Grafu nilifunzwa kwa ngumbaru, ile darasa ya watu wazima jioni pale kanisani. Mwalimu alitufunza na vipimo vya mvua: weka nukta, unganisha. Mimi nilikuwa na shea za kampuni moja ya unga, nilizonunua na pesa ya kusuka viondo, nikaona bei pia inaweza kuchorwa kama mvua.

Kila siku ya soko pale Muthetheni nilikuwa napitia hotelini kuomba gazeti. Wanaume wanang'ang'ania ukurasa wa mbele, mimi nachukua ule wa bei.

"Mama, na habari hutaki?" walinicheka.

"Habari ni mdomo. Bei ni mkono. Mimi naangalia mkono."

Bwana yangu alikuwa mtu wa redio. Siku moja redio ikasema ile kampuni itafungua kiwanda kipya. Akatoka mbio, akaanza kufungua ng'ombe wetu wa kulima.

"Nauza hawa, tuongeze shea."

"Baba watoto, kuja kwanza uone."

Nikamwonyesha mlango. Ule mstari ulikuwa unapanda, unachoka, unaanguka. Ukipanda tena haufiki pale ulifika kwanza.

"Wenye wanaijua hiyo kampuni wanauza," nikasema. "Wao wanatoka, sisi ndio tunaingia?"

"Kumbe redio ni mjinga, na wewe wa ngumbaru ndio umesoma?"

Alinichapa na kamba ya ng'ombe, upande wenye fundo, ule mwingine ukiwa bado kwa ng'ombe. Jicho likafunga. Nikaidaka ile kamba, nikajifunga nayo kiunoni, nikakaa chini. Akanipiga mateke hapo hapo mpaka ng'ombe wakashtuka, wakaniburuta kwa mawe. Mgongo ulichunika, lakini hawakuuzwa.

Asubuhi akaniletea chai mwenyewe. "Mama watoto, pole. Sitarudia, naapa." Akatusomea Zaburi kwa sauti tamu kama mtangazaji.

Nikaenda mlangoni kuweka bei, mkono ukakataa. Hata hii pole, nikajiambia, ni habari. Mkono wake unasema nini?

Nikaokota kipande cha tofali, nikaanza kukumbuka. Kofi, nikinyonyesha kifunguamimba: nukta chini kabisa. Mwiko, mpaka ukavunjika: juu kidogo. Ukuni, siku nilipopoteza jino: juu zaidi. Halafu kamba. Katikati ya hizo zote kulikuwa na pole. Pole sikuiwekea nukta. Nikaunganisha.

Mama ya bwana yangu alikaa boma hiyo hiyo. Aliingia kuniangalia, na kama kawaida akageukia mlango.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, na hii nyekundu? Hii ndio inapanda! Si ununue hiyo!"

"Hiyo si shea, mwaitu. Mama, ni kijana yako."

Alianza kucheka, akaona jicho langu. Akafuata nukta na kidole. Pale kwa jino kidole kilikaa; ni yeye aliniletea maji ya chumvi siku hiyo, akaniambia vumilia. Kilipofika mwisho wa mstari hakikusimama. Kikaendelea juu pale hakuna alama, mpaka kikagonga mbao ya juu.

Akatoka, akarudi na kijana yake na rungu ya marehemu mzee wake. Akamwekea hiyo rungu mkononi.

"Sasa mmalize nikiona. Ukimaliza, na mimi."

"Mwaitu, nilishamwambia pole..."

"Pole! Baba yako alikuwa na pole kuliko nywele. Piga!"

Akainua rungu. Niliita Yesu. Ikashuka kwa mlango, mbao ikapasuka katikati, tena, tena, vipande vikiturukia usoni. Mama yake hakusonga hata hatua. Damu ilikuwa inamtoka kwa paji la uso.

"Fungua ng'ombe," akaniambia, bila kuondoa macho kwa kijana. "Ita watoto."

Alitusindikiza mpaka kwa ndugu yangu, upande wa Wamunyu, yeye akivuta ng'ombe wa mbele. Shea niliziuza wiki hiyo, redio ikiendelea kusifu kiwanda. Bei iliendelea kuanguka hata baada ya mimi kutoka.

Mavuno yalipoisha bwana yangu alituma wazee wa kanisa. Walisema ameokoka, analia, anafunga na kuomba. Nilishukuru Mungu, na sikusema uongo. Mimi humwombea mpaka leo. Nikawapikia chai na muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Walikula, wakaomba, wakarudi bila mimi.