Kuinua Kibonyezo Kimoja Kamituga

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka Kadutu kwenda Nguba, mitaa miwili ya Bukavu hiihii, naaga majirani. Kwa hiyo mwelewe kwamba safari ya Kamituga haikuwa wazo langu. Lilikuwa la yaya Solange, dada yangu mkubwa, aliyekuja Bukavu likizo. Kazi yake ni kupiga piano Ulaya, katika kumbi ambamo watu husubiri muziki uishe ndipo wakohoe. Papa wetu, mnunuzi wa dhahabu Kamituga, hajawahi kumsikia. Zamani alipoambiwa binti yake anasomea piano, aliuliza: "Na kazi, ataisomea lini?" Siku hizi mguu wake hauwezi tena barabara ya Bukavu, basi Solange akaamua kumfuata. Alitaka kitu kimoja tu: Papa asikilize wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho.

Hilo si dogo. Papa hamalizi jambo lolote la kukaa. Mama anasema hata siku ya arusi yao aliondoka kabla ya keki.

"Utanisindikiza," Solange akaniambia.

"Miye? Nitasaidia nini?"

"Utabeba mizigo. Mikono yangu haibebake kitu."

Asubuhi na mapema tukapanda jeep. Mpaka Walungu nilikuwa shujaa. Baada ya hapo nilishika rozari. Karibu na Mwenga jeep ikazama kwenye matope mpaka milangoni, tukachukua pikipiki: dereva mbele, mimi katikati na begi kifuani, yaya nyuma. Hakunishika. Alifanya mazoezi ya wimbo wa Papa mgongoni mwangu, mlima baada ya mlima. Kila wimbo ulipotulia, kidole chake kimoja kilirudi kwenye ubavu uleule wa kushoto.

"Yaya, unaniumiza!"

"Nyamaza. Weye uko piano."

Dereva alicheka nusura atuangushe. "Piano yenyewe iko inalia!"

Jioni, Kamituga. Papa alitupokea kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaichunguza mikono ya Solange. "Hii haijakamata jembe."

"Ndiyo, Papa."

"Haya. Kesho tutaona inakamataka nini."

Kesho yake, baada ya misa, tuliingia ukumbi wa parokia. Piano ya pale iliachwa na wazungu wa mgodi. Solange akaijaribu, kibonyezo kwa kibonyezo. Kibonyezo kimoja cheupe, katikati kabisa, kilikuwa kikishuka hakipandi tena, unyevu umekishika. Na wimbo ulikihitaji mara tatu.

"Piga mwingine," nikasema, kama mtaalamu.

"Nimekuja na huu. Piga magoti hapa. Kila nikikibonyeza, weye ukiinue."

"Nitajuaje wakati?"

"Mgongo wako unajua."

Ndivyo nilivyoingia kazi ya piano: kwa magoti, makalio yakiwatazama Papa, wachimbaji na wamama wa kwaya waliokuja kusikiliza. Mara ya kwanza ubavu ulinikumbusha, nikakiinua kwa kucha.

"Yule anatafuta nini pale?" mama mmoja akanong'ona. "Panya?"

Solange akakibonyeza mara ya pili. Palepale kiti kikalia nyuma yangu. Nikageuka: Papa amesimama, fimbo mkononi. Nikasema moyoni, haya, anaenda. Nikamkodolea macho mpaka nikasahau kibonyezo. Yaya alipokirudia mara ya tatu, kidole chake kiliangukia kitu kilicholala. Hakuna sauti. Akaendelea mpaka mwisho, mdomo ameubana.

Makofi yalipokwisha, Papa alikuwa kwenye benchi ya mbele. Alikuwa amehama tu, asogee karibu.

"Solange," akaita. "Pale mwisho sauti moja haikuja. Zile mara mbili za kwanza niliisikia."

Solange akamshika mikono, akalia na kucheka pamoja. Kisha akaninyooshea kidole. "Ni huyu mutoto wako!"

"Huyu ninamujua," Papa akasema. "Kwake sikutazamia kitu."

Kwenye pikipiki ya kurudi, yaya alinikumbatia kwa mikono yote miwili, akalala. Sikupigwa hata noti moja.

Nimejifunza kwamba Kamituga iko mbali kuliko wanavyosema. Nimejifunza pia kwamba ningefanya kazi yangu vizuri siku ile, Papa angepiga makofi kama watu wote, na Solange angerudi Ulaya bila kujua kama alisikilizwa. Sasa anajua. Wapiga piano wengine wanasoma miaka mingi ili wasikose noti. Mimi nilikosa ileile iliyohitajika, bila kwenda shule.