Barua za Nyumba ya Mwisho

Wanaosema barua za zamani zilikuwa zinapotea hawakumjua babu yangu. Miaka ya hamsini yeye ndiye aliyekuwa tarishi wa posta kwenye vilima vya nyuma ya Ilula, na sijawahi kumsikia mtu wa kule akilalamika kwamba barua yake haikufika. Lori kutoka Iringa mjini lilimshushia mkoba wa turubai barabarani, pale wanapouza nyanya siku hizi, naye akaupandisha mlimani kwa miguu, amevaa katambuga za matairi na koti la kaki lililofungwa vifungo vyote hadi kooni. Hakuwa mtu wa kujisifu. Namsifu mimi, maana nilimwona.

Barua nyingi zilitoka kwa wanaume waliokwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na wengi walioandikiwa hawakujua kusoma. Basi babu alipiga hodi, akamkabidhi mwenyewe barua yake, akangoja aifungue kwa mkono wake, kisha akarudishiwa aisome. Alisoma amesimama, kofia kwapani, salamu zote mpaka za mtoto wa jirani, na hakuongeza wala kupunguza neno. Mume akiandika kwamba ameoa mwingine huko, babu alisoma hivyo hivyo. Kuna mama alimfukuza kwa mchi wa kinu. Wiki iliyofuata alirudi kwenye nyumba ile ile na kupiga hodi. Alisema barua iliyosomwa nusu bado haijafika.

Mimi nililelewa kwake, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye njia yake. Alikuwepo pia baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, ambaye babu alitaka amrithishe mkoba. Baba mdogo hakuutaka. Yeye alitaka kuwa utingo, apande juu ya malori, aione Mbeya na kwingineko. Jumapili moja, watu wamekaa wanakunywa ulanzi, akasema mbele ya wote kwamba kubeba mizigo ya watu mlimani ni kazi ya punda. Babu akainuka, akamzaba kofi.

Kijana mwenye ndevu, mbele ya rika lake. Kesho yake hakuwepo, na baadaye tukasikia yuko mkonge.

Miaka miwili haikuja hata karatasi. Babu akirudi na mkoba bibi hakuuliza kitu, aliitazama mikono yake tu, kisha akarudi jikoni. Babu alijuta. Nasema wazi kwa sababu yeye asingesema: alijuta hadi akakonda. Lakini kwa Wahehe wa umri wake baba hakumwomba mwanawe radhi, na mdomo ule uliosoma maneno ya watu wa vilima vyote ukakosa namna ya kutoa lake.

Halafu alasiri moja tukasikia hodi uani.

Bibi akatoka jikoni anafuta mikono. "Kwako mwenyewe unapiga hodi?"

"Nina barua yako," babu akasema.

Babu mwandiko wa mwanawe alishautambua. Bibi akaifungua, akamrudishia, naye hakuipokea. "Mwalimu wa misheni atakusomea Jumapili."

"Barua za watu wote unasoma wewe," bibi akasema. "Yangu ina nini?"

Babu akavua kofia, akaiweka kwapani, akaanza. Salamu zilikuwa za bibi peke yake. Baada ya salamu: "Mama, nakuandikia wewe kwa sababu baba sina. Yule mzee alinipiga mbele za watu kama mbwa aliyeiba nyama. Nikifa huku nizikwe huku huku. Salamu zangu usimpe." Na babu akasoma, "Salamu zangu usimpe," kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea barua za wengine. Angeweza kuruka. Bibi asingejua, na mimi wakati huo nilikuwa sijui hata herufi.

"Soma tena," bibi akasema.

Akasoma tena.

"Tena."

Mara ya tatu, alipofika kwenye lile neno la mbwa, akaketi juu ya kinu. Sikuwahi kumwona akisoma barua ameketi. Alimaliza mpaka jina la mwandishi, akaikunja.

Watu humsifu babu, lakini mwenye akili nyumba ile alikuwa bibi. Alimwambia alete karatasi na kalamu, akamwandikisha: "Mwanangu, barua yako nimeisikia. Amenisomea baba yako mwenyewe, mara tatu, hakuruka neno hata moja."

Babu akainua kalamu. "Niongeze nini?"

"Usiongeze," bibi akasema. "Tia kwenye bahasha."

Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Mwaka ule nilianza shule ya misheni, nikawa nasoma kwa kufuata mstari na kidole. Siku moja lori likaleta bahasha yenye jina la babu. Kwa miaka yote aliyobeba mkoba ule hakuwahi kuandikiwa barua na mtu. Mwingine angeichana pale pale barabarani. Babu aliirudisha katikati ya zile nyingine, akapanda nayo mlimani, akapiga hodi nyumba baada ya nyumba, akasoma habari za watu hadi mwisho, na ya kwake iko mkobani inangoja zamu. Najua, kwa sababu waliosomewa siku ile walituambia baadaye kwamba hakuharakisha hata salamu moja.

Alifika jua likielekea kuzama. Alipiga hodi, bibi akamkaribisha, naye akatoa bahasha yake na kuifungua mwenyewe. Aliitazama, kisha akaninyooshea mimi.

"Isome wewe," akasema. "Hii siiwezi."

Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Hapakuwa na tarehe wala salamu ndefu.

"Baba, shikamoo," nikasoma.

"Marahaba, mwanangu," babu akajibu kwa sauti kubwa, akitazama njia aliyopandia, na ikabidi mimi na bibi tumngoje anyamaze kulia ndipo nisome mstari wa pili.