Mafuta Niliyoyarudisha Tangini

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mkwe wangu, bwana mifugo mstaafu ambaye sasa amehamia Mtwara, na aliniazima nilipopangiwa kufundisha Mwera, ambako bila usafiri wako unafika shuleni vipindi viwili vimeshapita. Siku aliyonikabidhi alijaza tangi mpaka mdomoni, akafuta kiti kwa leso yake, akaniambia, "Enda nayo, mwanangu. Siku ukipata nafuu utanirudishia."

Niliitumia miaka miwili. Nilipohamishiwa shule ya mjini, karibu na kwangu Makorora, sikuwa na kisingizio tena. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, hivyo kazi ya kumrudishia babake pikipiki ikaniangukia mimi.

Nikaipeleka kwenye ofisi moja ya mizigo kule Chumbageni. Nyuma ya ofisi kulikuwa na fundi wa kufunga pikipiki, mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na alipojua mimi ni mwalimu akaamua siku hiyo mwanafunzi niwe mimi.

"Pikipiki ya safari ndefu haifungwi kama kitanda, mwalimu. Tazama."

Nikatazama. Alivua vioo, akavifunga kwa matambara. Alilegeza usukani akaulaza ubavuni mwa tangi. Alichomoa waya za betri, akazivisha selotepu. Kisha akatia mpira tangini, akayavuta mafuta yote mpaka kwenye dumu, akafungua na kabureta likadondosha tone la mwisho. Alipomaliza aligonga tangi kwa kifundo cha kidole.

"Unasikia? Kavu. Ofisi haipokei pikipiki yenye mafuta. Moto hauna mchezo."

Nilisikia. Na nikiri hapa kwamba mlio ule uliniudhi. Nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kurudisha sahani ya jirani tupu. Kama hana kitu, atatia ndimu mbili. Kama hana ndimu, sahani italala kwetu mpaka kipatikane. Kumrudishia mtu chombo chake kitupu kwetu ni sawa na kumwambia hatujali alichotupa. Sasa mimi, mke wa mwanawe, nimrudishie mkwe pikipiki kavu, ile ile aliyonipa imejaa? Nilimwona kwenye mawazo yangu akiitikisa, asisikie kitu, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwa mkwe nakuogopa kuliko matusi.

Ningeweza kumtumia kifurushi cha halua kando, wala isingenigharimu kitu. Hilo lilinijia kesho yake, kama akili zangu zote zinavyonijia.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka, fundi alinawa mikono. "Niangalizie, mwalimu. Nasali, narudi."

Akaniacha na pikipiki na dumu. Niliangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, nikafungua tangi, nikarudishia kiasi cha lita mbili hivi. Nilijiambia si kujaza, ni heshima tu, isije ikafika tupu. Nikafunga kifuniko, nikafuta matone kwa mtandio wangu. Yule mtu alikuwa amesujudu msikitini, ameniamini mali ya watu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiharibu kazi yake.

Aliporudi alinusa.

"Mbona harufu imezidi?"

"Ni dumu hilo, fundi. Halina kifuniko."

Aliamini. Kwa nini asiamini? Hakugonga tena. Akaizungushia maboksi na viroba, akaipigilia fremu ya mbao, kisha akaandika kwa herufi kubwa, TANGI TUPU, na chini yake akatia sahihi yake. Alinionyesha kama mtoto anayeonyesha daftari lake. Nikamsifu. Mwalimu mzima, nikamwambia amefanya vizuri, huku mtandio wangu unanuka petroli.

Siku tatu baadaye baba mkwe alinipigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kupokea shukrani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki imefika, ila huyo aliyeifunga hajui kazi."

Akanieleza. Makuli walisoma maandishi, wakajua tangi ni tupu, wakailaza pikipiki ubavu ili mzigo utoshe. Mafuta yakavuja njia nzima. Chini yake kulikuwa na majamvi ya ukili, akina mama wamesuka kwa mikono yao kuupelekea msikiti mpya. Yamelowa yote, na harufu ile haitoki. Lori zima lingeweza kuwaka.

"Nimewapigia ofisini," alisema. "Nimewaambia mtu huyo asiguse tena mzigo wa mtu. Mafuta mengine nimeyakuta tangini, hebu fikiria. Mbele yako hakuyatoa?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa nimesimama uani, nimeshika kamba ya kuanikia, na neno lilikuwa mdomoni. Ningesema, angejua mke wa mwanawe ni mtu wa namna gani, angemwambia mama mkwe, na mama mkwe angewaambia wengine.

"Sikuangalia vizuri, baba," nikasema.

"Basi si kosa lako, mwanangu."

Nilikwenda Chumbageni Jumamosi. Nilijiambia nakwenda kusema kweli. Nilikuta mtu mwingine akifunga pikipiki, kijeuri, hata vioo hajavua. Aliniambia yule wa zamani amefukuzwa, na kwamba sasa kila ofisi ya mizigo mjini inamjua kwa jina la mtu wa majamvi. Nilirudi nyumbani. Nilikwenda tena wiki iliyofuata, nikaulizia, nikaelekezwa.

Anakaa huku huku Makorora, mitaa michache kutoka kwangu. Nilimkuta barazani kwake akiziba pancha ya baiskeli. Hakuwa na maneno mengi. Alipouona uso wangu alisimama upesi, akapangusa mikono kwenye shati, akanivutia kigoda. Mkewe akatuletea chai. Nilishika kikombe nikatafuta pa kuanzia.

Akanitangulia.

"Mwalimu, ningekufuata mwenyewe, ila sikupajua kwako. Nimekuaibisha kwa wakwe zako. Mafuta yale nilidhani nimeyatoa yote, hata niligonga. Labda uzee unaniingia, sijui. Usiku nalala nayafikiria majamvi yale. Nisamehe, kwa ajili ya Mungu."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, anangoja nitasema nini.

Nilikwenda pale na kweli nzima mdomoni. Nikanywa chai kidogo, nikaweka kikombe chini.

"Nimekusamehe, fundi," nikamwambia.

Akanishukuru, akanisindikiza mpaka njia kuu.