Mashine Mpya ya Cheche

Majirani walimwita Cheche, naye alilibeba jina hilo kama nishani. Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha udereva. Mchana kutwa alikaa kando ya wanafunzi waliolowa jasho akiwaambia kwamba gari halina kosa, kosa ni la mguu wao. Jioni alivaa ovaroli, akaingia kibandani nyuma ya nyumba kuchomelea vyuma, na huko kila kosa lilikuwa la mashine.

Mkewe alikuwa ameishi na matunda ya burudani hiyo kwa miaka. Kulikuwa na kinara cha maua kilichosimama upande upande, na kiti ambacho wageni walikatazwa kukikalia kwa kisingizio kwamba rangi haijakauka. Rangi hiyo ilikuwa imefikia umri wa kuanza shule.

Safari hii halikuwa suala la mapambo. Mama mkwe wake, mama mzazi wa Cheche, alikuwa hospitali, amepasuliwa goti, na chumba chake kilikuwa juu ya ngazi za saruji zisizo na pa kushika. Cheche akaahidi kumtengenezea reli. Mkewe aliposema waite fundi, Cheche alinuna.

"Nimwite fundi kwa ajili ya mama yangu mzazi? Watu watanionaje?"

"Watamwona mama amepanda salama."

"Shida ni hii mashine. Moto wake hauna nguvu."

Basi ikanunuliwa mashine mpya. Ilikuwa na kioo cha kuonyesha namba na mkanda wa kuibebea begani. Cheche aliipangusa vumbi kwa upole ambao hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuuonja. Mkewe alisikiliza kutoka jikoni. Ile ya zamani ilikuwa ikikohoa, inanata, inakohoa tena. Hii nayo ilikohoa vilevile, ila kwa sauti ya kitajiri. Kisha likaja grinda la kusaga na kulainisha chuma, na likanguruma muda mrefu kuliko kuchomelea kwenyewe, na mwisho ukimya wa kuziba mashimo na kupaka rangi.

Reli ilisimama pale nyeusi, inang'aa.

"Umeona? Nilisema ni mashine."

"Umeijaribu?"

"Niijaribu vipi? Si unaiona?"

Mama mkwe alipoletwa, mkewe hakusubiri ashuke garini. Alisimama ngazi ya chini, akaishika reli kwa mikono miwili, akaiegemea kwa uzito wake wote. Kiungo kiliachia bila hata kupiga kelele, naye akajikuta amekaa kwenye saruji, reli mapajani. Pale rangi ilipobanduka, chuma kilichoyeyushwa kilikuwa kimelala juu ya bomba kama nta iliyodondokea mezani. Hakikuwa kimeshika kitu.

"Vijiti vya kuchomelea vilikuwa na unyevu," Cheche alisema.

Mama yake alikuwa ameona yote, mguu mmoja nje ya gari.

"Wewe baba, hiyo ndiyo ningeishika mimi?"

Cheche akaanza kukagua viatu vyake.

"Usijali mama, nitamwita fundi," mkewe alisema.

"Mwache fundi wa watu. Aliyeahidi ni huyu. Mimi nitalala sebuleni."

Akalala sebuleni kweli, kwenye kochi ambalo Cheche hukalia akitazama mpira, na akaishika rimoti. Kila jioni alimtuma mwanawe kibandani akaunganishe vipande viwili vya bomba, bila grinda, bila rangi, avilete. Mkewe aliviweka kizingitini na kuvipiga nyundo, kwa bidii iliyozidi mahitaji ya kazi. Vikaachana.

"Hapa mkono ulitikisika."

"Haya, na hiki?" mama yake aliuliza jioni nyingine.

"Umeme wa mtaa huu unapanda na kushuka."

"Na wanafunzi wako wakigonga ukuta," mkewe aliuliza, "huwa wanakwambia umeme ulishuka?"

Mama mkwe alicheka mpaka akalishika goti.

Kwanza Cheche alileta vipande pamoja na visingizio. Baadaye akaleta vipande tu. Mkewe akaanza kusikia mabadiliko kutoka kibandani: kikohozi kilipungua, na badala yake kukawa na mlio mmoja wa taratibu, kama wa mafuta yanayokaanga. Mtu yule alikuwa amejifunza kutokuwa na haraka, jambo ambalo mashine yenye kioo haikuja nalo.

Jioni moja alileta kipande, mkewe akakipiga. Bomba likapinda, kiungo kikabaki.

"Kipige tena, mwanangu," mama mkwe alisema.

Akakipiga tena. Kikabaki.

Mama mkwe akakipokea, akapitisha ukucha juu ya mshono. Ulikuwa na vinundu mwanzo hadi mwisho.

"Sura hakina," alisema. "Lakini kimeshika."

Cheche akaanza kutabasamu, akanyoosha shingo kuelekea kwenye televisheni.

"Reli ina viungo vingapi?"

"Kumi na viwili, mama."

"Basi kalete kingine kama hiki. Kimoja hata mimi ningebahatisha."