Nilimwekea Mama Mpelelezi

Mimi ndiye niliyekosea, na nalisema hili kwanza ili msije mkadhani natafuta wa kulaumu. Mama yangu hakukosa. Yule bwana niliyemshuku hakukosa. Naandika bila jina kwa sababu mama bado yu hai, na nimeshamwaibisha vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Migori. Baba alipofariki, mimi na kaka yangu Omondi tulimjengea mama nyumba ya mawe huko nyumbani, karibu na Rodi Kopany. Stima ikaingia, tangi la maji likawekwa, tukanunua makochi na televisheni. Kanisani alikuwa na kiti chake cha mbele. Tukajiambia mama sasa amepumzika.

Halafu asubuhi moja akanipigia simu.

"Nyathina," akasema. Ndivyo anavyoniita, mtoto wangu. "Nimepata chumba Homa Bay. Nahama Jumamosi."

Nilicheka. "Chumba cha nini, Mama?"

"Cha kuishi. Hii nyumba yenu ni nzuri, lakini nakaa ndani kama mgeni anayengojea chai. Kabla sijaolewa nilikuwa naimba dodo. Nimepata akina mama wanaoimba, na mimi nataka kuimba kabla sijafa."

Dodo ni nyimbo za zamani za wanawake wa Kiluo. Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kuzisikia bomani kwake, kwa hivyo mimi sikuwahi kumsikia mama akiimba chochote isipokuwa nyimbo za ibada. Basi nikaona ananidanganya. Mjane wa miaka sitini na kitu aache makochi akaishi chumba kimoja cha mabati, eti kwa sababu ya nyimbo?

Nikajua kuna mtu.

Nilimtembelea huko Homa Bay na macho yangu hayakutulia. Viatu vipya. Nani alimnunulia? Simu ikalia, akatoka nje kuipokea, nikamsikia akicheka kicheko ambacho sikukijua. Aliporudi nikamuuliza ni nani.

"Ni Ouma. Ni wa kikundi chetu, yeye hutupigia ngoma."

Baadaye huyo Ouma akaja na pikipiki kumchukua. Mwanaume mpole, mwenye mvi kidogo, akanisalimia kwa heshima zote. Hata hiyo heshima niliishuku.

Nilipomweleza Omondi, akasema, "Mama ana shamba. Huyo jamaa haoni mama, anaona shamba la baba."

Maneno hayo yaliniingia kama maji kwenye mchanga.

Sasa sikieni nilichofanya. Karibu na chumba cha mama kuna steji ya boda boda. Nikamwita dereva mmoja pembeni, nikamwambia mimi ni binti wa yule mama, nikampa kitu kidogo, nikamwomba amwangalie anakoenda. Mwanamke aliyenizaa, nikamwekea mtu wa kumfuata kama mwizi.

Dereva hakukawia kunipigia simu. "Dada, huyo mama huenda kwa nyumba ya yule mzee wa pikipiki. Akiingia, mlango unafungwa. Anatoka jioni."

"Unafungwa kabisa?"

"Kabisa."

Sikumuuliza kama kuna watu wengine ndani. Nilishapata nilichokuwa nakitaka.

Alhamisi iliyofuata nikaomba ruhusa shuleni. Nilienda na Omondi na mzee mmoja wa kanisa la nyumbani, ili kuwe na shahidi. Tulipofika kwa Ouma, mlango ulikuwa umefungwa kweli. Ndani kulikuwa na sauti ya mwanamke mmoja akiimba. Sikusimama kusikiliza. Nikausukuma mlango.

Wanawake kama kumi walikuwa wameketi kwenye mikeka. Ouma alikuwa ukutani na ngoma yake katikati ya magoti. Mama alikuwa katikati yao, amefumba macho. Sauti ile ilikuwa yake.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo na kurudi nyuma. Mimi nilikuwa nimebeba maneno yangu kutoka Migori, na ilikuwa lazima niyatue. Nilimwita Ouma mwizi wa mashamba ya wajane. Kisha nikamgeukia mama, nikamwambia mbele ya wote kwamba analala na huyo Ouma, kwa neno ambalo mtoto hamtamkii mzazi wake. Siwezi kuliandika.

Ouma aliiweka ngoma chini. "Mwalimu," akasema, "huyu hapa ni mke wangu, na hii ni nyumba yake. Mlango tunaufunga kwa sababu majirani wanalalamika kelele. Keti basi, upewe maji."

Mkewe alikuwa ameketi bega kwa bega na mama. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Mzee wa kanisa alikohoa, akatoka nje. Omondi akamfuata.

Mama alisimama, akafunga leso yake vizuri, akanipita mlangoni bila kunitazama.

Mnadhani yaliishia hapo. Mke wa Ouma siku ile alicheka, akasema watoto wa siku hizi wana mambo. Lakini shaka ni kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Baada ya muda akaanza kumuuliza mumewe: kwa nini unambeba yule mama na pikipiki na wengine wanatembea? Kwa nini unampigia simu yeye? Wakagombana. Kikundi kikavunjika. Haya niliambiwa na mmoja wa wale waimbaji nilipokutana naye sokoni, na alipomaliza aliniambia, "Tulikuwa tunakaa vizuri, mwalimu," akaondoka.

Mama alihama chumba kile. Nilidhani atarudi nyumbani, nikatuma hata mtu wa kufagia nyumba. Hakurudi. Alivuka ziwa hadi kisiwa cha Mfangano, kwa mwanamke mwingine wa kile kikundi ambaye kwao ni huko. Asubuhi wanauza omena, dagaa wa ziwani, jioni wanaimba na wenzao wa kijiji.

Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri. Nilipovuka, niliulizia ufuoni, nikaonyeshwa njia. Kabla sijafika nilisikia sauti ya mama. Mara hii nilisimama. Nilitaka nisikie mpaka mwisho. Lakini jirani aliyekuwa akianika omena aliniona, akamwita mama kwa jina la kaka yangu, "Min Omondi, una mgeni!"

Wimbo ukakatika.

Alinipokea vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alinipikia ugali na samaki, akauliza habari za wajukuu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nani alikuelekeza hapa?"

"Niliuliza ufuoni, Mama."

"Ulimuuliza nani? Ulimpa nini?"

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akanishika kichwa.

"Nilikusamehe zamani, nyathina. Lakini nikikuona, lazima niangalie nyuma yako nijue umekuja na nani."

Na kweli, muda wote tuliokuwa tukila, alikuwa ameketi akiutazama mlango.

Ndugu msomaji, mzazi wako, au mume, au yeyote yule, akikuambia amechoka kuishi maisha ya kuwapendeza watu na anataka kujaribu yake, muulize unachotaka kuuliza usoni pake, halafu mwamini. Mimi mama aliniambia ukweli wote siku ya kwanza. Niliukataa kwa sababu haukufanana na mama niliyekuwa nimezoea. Sasa nikimpigia simu anapokea, tunaongea vizuri, na kabla hatujaagana huniuliza kama niko peke yangu.